Safu ya lugha: Hati

"Kiwanja kina hati," atakwambia dalali wa Mapinga au Kerege, na mnunuzi hutulia. Asitulie upesi. Hati, neno lililotujia kutoka Kiarabu, asili yake ni maandishi. Ndiyo maana mwandiko wa mtu huitwa hati ya mkono. Katika soko la viwanja Bagamoyo, neno hilo limebebeshwa karatasi nyingi: mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa kijiji, barua ya toleo, hati ya hakimiliki ya kimila, na hatimiliki yenyewe. Uzito wake kisheria haulingani. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaiweka ardhi yote kwa Rais kama mdhamini. Hatimiliki humpa mtu haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99.

Basi uliza: hati gani, na ya jina la nani? Kisha omba upekuzi kwa Msajili wa Hati. Ikiwa ni nyumba ya wanandoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi. Dalali akijibu "zipo zote", mwambie akuonyeshe.