Kimeta: jeni za sumu na kuenea kwake

Kimeta ni ugonjwa wa wanyama na binadamu unaoletwa na bakteria Bacillus anthracis. Spora zake, yaani chembe sugu za bakteria huyo, hukaa udongoni miongo mingi. Nyanda za juu za Ngorongoro, kaskazini ya Mbulu, zinajulikana kwa milipuko yake, hivyo wafugaji Wairaqw wa Mbulu na Wabarbaig wa Hanang wana kila sababu ya kuujua.

Jeni za sumu ya bakteria huyu hazimo kwenye kromosomu. Zote tatu zimebebwa na plasmidi pXO1, duara dogo la DNA: protini moja hufungua mlango wa seli, nyingine mbili huingia kuidhuru. Plasmidi ya pili, pXO2, huunda ganda linalomkinga bakteria dhidi ya chembe nyeupe za damu. Mzigo huu wa plasmidi unaweza kuhamia bakteria wengine. Katika msitu wa Taï, Côte d'Ivoire, ndugu yake Bacillus cereus alikutwa na plasmidi zinazokaribia kufanana kabisa na hizo, akiua sokwe.

Miaka ya 1930, Max Sterne wa Afrika Kusini alipata bakteria asiye na ganda. Ndiye chanjo ya mifugo hadi leo.

Ng'ombe akifa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani, asipasuliwe kamwe: damu ikikutana na hewa, spora huundwa.