Mpira, Klampu na Vumbi la Muleba: Safari Ndefu ya Hewa Hadi Kwenye Injini

Injini ya 1HZ ya lita 4.2, ambayo Toyota ilianza kuiweka kwenye Land Cruiser mwaka 1990, huvuta karibu lita 4,000 za hewa kila dakika inapozunguka mara 2,000. Dereva anayetoka Izigo kwenda Bukoba hupima dizeli lita kwa lita na kulalamikia bei yake. Hewa hailipii, kwa hiyo haihesabu. Hata gari dogo la petroli linahitaji lita zipatazo 9,000 za hewa ili kuchoma lita moja tu ya mafuta, na ukishaiacha lami ukashika njia za udongo mwekundu zinazopanda vilima vya Muleba, hewa hiyo inaingia pamoja na vumbi lake.

Fundi akiletewa gari lililokosa nguvu au linalokula oili, mara nyingi huanza na filta. Huivua, huigongagonga chini, huipuliza, huirudisha. Lakini kati ya filta na injini kuna mpira wa hewa, kuna klampu mbili au tatu, kuna gasketi na bomba la kugawa hewa kwa silinda. Upenyo ukiwa hapo, filta ingekuwa mpya kutoka kwenye boksi isingesaidia kitu. Ukifuatilia historia ya njia hiyo utaona kwamba waundaji walivyozidi kulidhibiti vumbi, ndivyo walivyozidi kuongeza viungo, na kila kiungo kipya kilileta mlango mpya wa kuvuja.

Magari ya mwanzo hayakuwa na taabu hiyo kwa sababu rahisi: hayakuwa na filta kabisa. Ford Model T, iliyotoka mwaka 1908, ilivuta hewa moja kwa moja kupitia mdomo wa kabureta. Magari ya aina hiyo yaliletwa Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yalipokuwa yakiwasukuma Wajerumani kuelekea kusini mwaka 1916. Yalipita mahali ambapo hapakuwa na barabara ya kustahili jina hilo. Mchanga uliingia hadi ndani ya silinda, ukasaga ringi na pistoni, na injini ikafunguliwa upya mapema kuliko mwenye nayo alivyotarajia.

Msukumo wa kutafuta dawa ulitoka shambani. Mwaka 1915 Frank Donaldson, muuza matrekta wa Minnesota, Marekani, alianza kutengeneza vichujio vya hewa baada ya kuona jinsi vumbi la kulimia lilivyoua injini za wateja wake. Miaka iliyofuata filta ya bakuli la oili ikaenea kwenye matrekta, malori na magari ya kazi. Hewa hushushwa kwa kasi hadi juu ya oili, kisha hugeuzwa ghafla kupanda juu. Vumbi, kwa kuwa ni zito kuliko hewa, hushindwa kukata kona, likazama kwenye oili. Linalobaki hunaswa na nyavu za waya zilizolowa.

Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, gari lililokuja kuwa la bwana shamba, la polisi na la misheni kote Afrika Mashariki, hiyo ndiyo filta iliyoshika soko la magari ya kazi. Ilikuwa na ila moja. Bakuli lenye oili ni zito, na haliwezi kukaa popote, maana likiinama linamwaga. Kwa hiyo lilifungwa pembeni, mbali kidogo na kabureta. Injini nayo hutikisika juu ya raba zake muda wote inapofanya kazi. Bomba la chuma kati ya vitu viwili visivyotikisika pamoja lingepasuka upesi. Hapo ukahitajika mpira unaopinda, na huo mpira ukahitaji kitu cha kuubana pande zote mbili.

Kibanio kilikuwa tayari kimepatikana. Mwaka 1921 Lumley Robinson, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alipata hataza ya mkanda wa chuma unaokazwa kwa skrubu moja, ule ambao hadi leo Waingereza huuita Jubilee Clip. Meno ya skrubu huuma mikato kwenye mkanda, ukizungusha bisibisi mkanda unajivuta na kubana mzunguko mzima sawasawa. Waya hauwezi kufanya hivyo. Waya hubana pale uliposokotwa na kulegea upande wa pili, tena ukikazwa sana hukata mpira. Hata hivyo waya ungali unaonekana chini ya maboneti mengi, na mwandishi huyu hana budi kukiri kwamba ni rahisi kumlaumu fundi wakati mwenye gari ndiye aliyekataa kununua klampu.

Kagera, mkoa wenye Muleba na Bukoba, ilikuwa na sababu zake za kuujua mpira wa hewa mapema. Ushirika wa Bukoba Native Cooperative Union, ulioanzishwa mwaka 1950 na ambao Kagera Cooperative Union imerithi kazi yake, ulikusanya kahawa ya wakulima wa vijijini kwa malori. Kahawa nyingi huvunwa na kuanikwa miezi ya kiangazi, yaani wakati uleule udongo unapokuwa unga. Lori lililofuata nyuma ya lingine likipanda mlima lilikunywa vumbi la mwenzake kwa saa nzima. Kisha mvua zikirudi, na Bukoba, iliyo kando ya Ziwa Victoria, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, vumbi liligeuka tope na maji yakarukia chini ya boneti.

Likaja jaribio kubwa zaidi. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka Oktoba 1978 na kuikalia ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na daraja la Kyaka, lililovuka mto huo, likavunjwa. Malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kusaidia kusafirisha askari na mizigo kuelekea mstari wa mbele. Vita vilipokwisha mwaka 1979 nchi ilikuwa imeishiwa fedha za kigeni, na spea zikawa adimu kama sabuni na sukari. Katika miaka hiyo filta ya zamani ya bakuli ilijipatia heshima: ilioshwa kwa dizeli, ikatiwa oili, ikarudi kazini bila kununua kitu. Mpira uliopasuka haukuwa na bahati hiyo. Ulizungushiwa vipande vya tyubu ya baiskeli, ukafungwa, gari likaondoka. Kama kazi ilifanywa kwa uangalifu, kiraka kilifika. Kama haikufanywa hivyo, gari lilivuta vumbi bila mtu kujua mpaka moshi wa buluu ulipoanza kutoka nyuma.

Wakati mafundi wa Kagera wakifunga tyubu, wenzao wa mashindano walikuwa wakipambana na vumbi lilelile kwa fedha nyingi zaidi. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kufikia miaka ya 1990 magari yaliyokuja kushindana yalikuwa na bomba refu la kuvutia hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele. Toyota Celica za aina hiyo zilishika nafasi nne za kwanza mwaka 1993. Mwaka 1991 nalo shindano la Camel Trophy lilitoka Dar es Salaam hadi Bujumbura kwa Land Rover Discovery zenye mabomba kama hayo.

Kisa cha ajabu kuliko vyote kuhusu kiungo cha hewa kilitokea Hispania, kwenye Rally Catalunya ya mwaka 1995. Kanuni ziliagiza hewa yote ya tabo, kifaa kinachoisukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, ipite kwenye tundu la milimita 34 ili nguvu zisizidi. Wakaguzi wa FIA, shirikisho la kimataifa la magari, waligundua kwamba kwenye Celica mpya, mahali mpira ulipoungana na tabo, palikuwa na springi zilizofichwa. Mpira ukishafungwa na klampu kukazwa kwa zana maalumu, hewa ya ziada ilipita pembeni ya tundu. Ukifunguliwa kukaguliwa, springi ziliziba kila kitu kama kwamba hakuna lililofanyika. Timu ilifutiwa pointi na kufungiwa miezi 12.

Bomba lile la magari ya mbio, lililopanda kando ya kioo, ndilo Watanzania wanaloliita mkonga, na Land Cruiser iliyo nalo huuzwa kwa jina hilo. Faida yake haina ubishi. Hewa ya juu ina vumbi pungufu kuliko ya kwenye tairi, na gari linaweza kuvuka maji marefu kidogo. Lakini mkonga ni bomba la nje tu. Ndani ya madigadi kuna kiungo kinachouunganisha na nyumba ya filta, na kikipasuka hapo maji huingia bila kujali urefu wa bomba lililo juu. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyakuta kwenye silinda, konrodi hupinda. Dereva anayeingia mtoni akitegemea mkonga ambao hajawahi kuukagua kwa ndani anacheza kamari.

Magari ya sasa yamezidisha uzito wa suala hili. Tangu Bosch ilipotoa mfumo wake wa L-Jetronic mwanzoni mwa miaka ya 1970, kompyuta hupima hewa inayopita na kukadiria petroli ya kuchanganya nayo. Hewa inayopenya baada ya sensa haijapimwa, basi injini hutetemeka, taa huwaka kwenye dashibodi, na wengine huishia kubadilisha plagi na pampu bure. Kwenye dizeli zenye tabo, wazo ambalo Mswisi Alfred Büchi alilipatia hataza mwaka 1905, mambo hugeuka: mpira ulio baada ya tabo una shinikizo, hivyo huvuja kwenda nje. Gari linatoa moshi mweusi na kukataa mlima. Mpira huo ukilowa oili kwa muda mrefu hulainika, na klampu huteleza.

Kwa hiyo, msomaji mwenye gari Izigo, Kamachumu au kokote kwenye barabara ya udongo, usiishie kwenye filta. Siku ya kubadilisha oili mwambie fundi avue mpira wa hewa, apitishe kitambaa cheupe ndani yake upande ulio baada ya filta, kisha akuonyeshe. Kikitoka na wekundu, tafuta kiungo kinachovuja kabla ya kununua kitu kingine chochote. Upinde mpira mikononi uone kama una nyufa kwenye mikunjo. Na akichukua waya, mkatalie, umpe hela ya klampu.