Nukta Sita: Habari za Maandishi ya Vipofu

Wazungu wa kwanza kulifikia ziwa letu la Tanganyika walikuwa Waingereza wawili, Burton na Speke. Walifika ng'ambo ya Ujiji tarehe 13 Februari 1858. Lakini labda wengi hawajui kwamba siku ile Speke hakuliona ziwa. Njiani alikuwa ameshikwa na ugonjwa mkali wa macho, hata maji yaliyokuwa mbele yake yalikuwa kwake kama ukungu tu. Mwezi wa Aprili wakasafiri kwa mitumbwi, wakapita Ubwari, wakafika Uvira. Burton, aliyeona vizuri kuliko mwenzake, aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Sisi tunaokaa Fizi na Baraka twajua kwamba ni rasi iliyoshikana na nchi kavu.

Speke alipona, akaendelea na safari zake. Je, mtu asiyepona, na hasa mtoto, atajifunzaje? Mapadri Weupe walipofika Masanze mwaka 1880, kisha wakajenga Kibanga karibu na Ubwari mwaka 1883, walianza kuwafundisha watoto herufi. Tangu siku hizo shule zimeongezeka sana. Lakini herufi za ubaoni ni za mwenye macho. Basi leo nataka kueleza habari za maandishi mengine, yasomwayo kwa ncha za vidole.

MWANZO WA SHULE ZA VIPOFU

Zamani, katika nchi nyingi, kipofu maskini alikuwa na kazi moja tu: kukaa njiani na kuomba sadaka. Mwaka 1771 Mfaransa mmoja, Valentin Haüy, alipita sokoni Paris, akaona vipofu wamevikwa kofia za kipuuzi na miwani mikubwa ya karatasi, wakipiga vyombo vya muziki ovyo ili watu wacheke. Moyo wake ulichafuka. Mwaka 1784 akamchukua kijana kipofu, François Lesueur, aliyekuwa akiombaomba mlangoni mwa kanisa, akamfundisha kusoma herufi zilizochomoza juu ya karatasi nene. Kijana akafaulu, na Haüy akafungua shule, ambayo ndiyo ya kwanza ya namna hiyo duniani.

Hata hivyo njia yake ilikuwa na upungufu mkubwa. Herufi hizo zilikuwa zile zile za wenye macho, zimeinuliwa tu. Kidole kilizisoma polepole mno, vitabu vilikuwa vizito, na kipofu mwenyewe hakuweza kuziandika. Aliweza kupokea maneno ya wengine, lakini hakuweza kuandika yake.

MTOTO WA COUPVRAY

Mwaka 1809, katika kijiji cha Coupvray, alizaliwa Louis Braille. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka 3 alichezea msharasi katika karakana ya baba yake, ukamchoma jicho moja. Ugonjwa ukaingia, ukaenea mpaka jicho la pili, na kabla hajafikia umri wa kwenda shule alikuwa kipofu kabisa.

Tazameni walivyofanya wazazi wake na watu wa kijiji. Hawakumfungia nyumbani. Padri wa parokia, Jacques Palluy, alianza kumfundisha mwenyewe, kisha mwalimu wa kijiji akampokea darasani pamoja na watoto wengine. Mwaka 1819, akiwa na miaka 10, akapelekwa katika shule ile ya Haüy huko Paris.

Mwaka 1821 aliyekuwa afisa wa jeshi, Charles Barbier, aliileta shuleni namna yake ya kuandika kwa nukta, ili watu waweze kusomeana habari gizani. Alitumia nukta 12 kwa kila alama, nazo ni nyingi mno kwa ncha ya kidole. Louis alizichukua, akazipunguza, akazipanga upya usiku baada ya usiku. Alipokuwa na miaka 15 alikuwa amekwisha kupata njia yake ya nukta 6 tu, na mwaka 1829 akaitoa katika kitabu.

Je, walimu waliipokea kwa furaha? La. Wanafunzi waliipenda mara moja, maana sasa waliweza kuandikiana barua na kuweka kumbukumbu zao wenyewe. Lakini mwaka 1840 mkuu mpya wa shule, Dufau, aliikataza, na vitabu vikachomwa moto. Wenye macho hawakuweza kuisoma, wakaona ni afadhali kipofu aandike kama wao. Wanafunzi wakaendelea kuitumia kwa siri. Mwaka 1844 tu ndipo ilipoonyeshwa mbele ya watu wote na kukubaliwa shuleni. Louis Braille, aliyekuwa mwalimu na mpiga kinanda kanisani, alifariki mwaka 1852. Serikali ya Ufaransa iliipokea njia yake mwaka 1854, naye yumo kaburini.

NAMNA NUKTA ZINAVYOFANYA KAZI

Fikirini mayai 6 yaliyopangwa katika safu mbili zilizosimama, matatu kushoto na matatu kulia. Kushoto, toka juu kwenda chini, ni nukta ya 1, 2 na 3. Kulia ni ya 4, 5 na 6. Herufi a ni nukta ya 1 peke yake. Herufi b ni ya 1 na 2. Herufi kumi za kwanza, a mpaka j, hutumia nukta nne za juu tu. Kumi zinazofuata ni zile zile, zimeongezwa nukta ya 3: hivyo a huwa k. Zilizobaki huongezwa ya 3 na ya 6. Herufi w peke yake haifuati utaratibu huu, kwa sababu Kifaransa cha siku zile hakikuihitaji, ikaongezwa baadaye. Kwa Kiswahili ni bahati kubwa kwamba iliongezwa, maana bila hiyo tusingeweza kuandika mwana wala mwalimu.

Mtu akitaka kuandika Baraka atafanya nukta 11: b mbili, a moja, r nne, a moja, k mbili, a moja. Akitaka kuandika Fizi atafanya 11 vilevile. Huwekwa karatasi nene katika kibao chenye vidirisha vidogo, akachoma kwa kijiti chenye ncha ya chuma, chombo kinachofanana sana na ule msharasi uliompofusha Louis. Huandika toka kulia kwenda kushoto, kisha hugeuza karatasi na kusoma toka kushoto kwenda kulia, maana nukta huchomoza upande wa pili. Tangu mwaka 1951 iko pia mashine ya Perkins, iliyoundwa Marekani na David Abraham. Ina vibonye 6, kimoja kwa kila nukta, na hapo mwandishi hana haja ya kugeuza karatasi.

MAANDISHI HAYA YAFIKA KWA JIRANI ZETU

Huko Kenya, Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya vipofu ya Thika mwaka 1946. Tanganyika, Waanglikana walifungua ya Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka 1950. Miaka hiyohiyo UNESCO ilikusanya wataalamu ili nukta za lugha mbalimbali zipatane, na kitabu cha kazi hiyo kikatoka mwaka 1953. Rwanda, Padri Fraipont Ndagijimana, Mbelgiji kwa kuzaliwa, alianzisha nyumba ya walemavu huko Gatagara mwaka 1960. Baadaye kazi hiyo ikazaa shule ya wasioona huko Rwamagana.

Nayo Kibeho, katika Rwanda hiyohiyo, wapo masista toka Poland waliofungua shule ya watoto vipofu. Mwanzilishi wa shirika lao ni Mwenye Heri Elżbieta Róża Czacka. Yeye mwenyewe alipofuka akiwa na miaka 22. Daktari wa macho alimshauri asipoteze miaka kutafuta dawa isiyokuwapo, bali awatumikie vipofu. Akajifunza nukta, akazitengeneza zifae Kipolandi, akaanzisha shirika mwaka 1918. Alifariki mwaka 1961, na Kanisa likamtangaza Mwenye Heri tarehe 12 Septemba 2021.

NA HUKU KWETU?

Mtoto wa Fizi akitaka kufika Kibeho lazima apite milima, mito na mpaka wa nchi. Tena nchi yetu imeumia kwa vita. Tangu mwaka 1996 watu wengi sana wa Fizi walivuka ziwa wakakimbilia Kigoma, na katika kukimbia, kipofu hawezi kwenda asiposhikwa mkono. Hata siku za amani, mzee kipofu mara nyingi huongozwa na mjukuu anayeshika ncha ya fimbo yake. Hapo upofu mmoja hutoa watu wawili shuleni: asiyeona, na mtoto anayemwongoza.

Sheria haikosekani. Katiba yetu ya mwaka 2006 yawataja walemavu katika kifungu cha 49. Elimu ya msingi ilitangazwa kutolipiwa tangu mwaka 2019. Na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 yaeleza haki za walemavu. Kilicho haba ni mwalimu anayejua nukta.

Wako wasemao: siku hizi simu husoma kwa sauti, nukta za nini? Ni kweli, ni msaada mkubwa. Vijana wawili wa Australia, wote wawili vipofu, waliunda programu ya NVDA, iliyoanza mwaka 2006. Husoma maandishi ya kompyuta kwa sauti, nayo hutolewa bure. Hata sauti ya Kiswahili ipo. Lakini simu yataka umeme, na wengi wetu twajua taabu ya umeme. Kibao hakitaki umeme. Tena asikiaye tu hajui jinsi neno linavyoandikwa. Je, tungekubali watoto wetu wenye macho wasifundishwe kuandika, ati kwa sababu redio iko? Basi tusikubali kwa kipofu. Apate sauti, na nukta apate.

Kanuni moja naiona katika habari hizi zote. Dufau alitaka kuwasaidia vipofu bila kuwauliza, akachoma vitabu walivyovihitaji. Lakini kipofu wa Yeriko alipoletwa mbele ya Bwana wetu, kwanza aliulizwa anataka afanyiwe nini. Nasi tufanye vivyo hivyo. Kila katekista na kila mwalimu aandike majina ya watoto wasioona wa kijiji chake, awatembelee nyumbani, awaulize wao na wazazi wao. Wenye ugonjwa unaotibika, kama mtoto wa jicho, wapelekwe hospitali mapema. Wasiotibika wapate kibao, kijiti na karatasi nene. Naye mwalimu asiyejua nukta aanze na herufi kumi za kwanza. Kwa saa za jioni za juma moja aweza kuzijua, kisha ampe mtoto jina lake mwenyewe alisome kwa kidole.