Kahawa ya Kihambani

Bibi yangu, kule Kilema, Kilimanjaro, alichuma matunda mekundu tu. Mabichi aliyaacha mtini. Jioni ileile tuliyamenya kwa mashine ya mkono, tukaziacha punje zichachuke, tukaziosha kwa maji ya mfongo, mfereji wetu, na kuzianika kwenye vichanja. Katika kihamba, shamba la nyumbani, migomba ilitia kivuli, zizi likatoa mbolea.

Kazi hiyo ilipiganiwa. Walowezi walitaka Mchaga akatazwe kulima arabika, kwa kisingizio cha magonjwa na wizi. Wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi. 1933 ikafuata KNCU, muungano wa vyama vya ushirika. Kuvunjwa kwa ushirika mwaka 1976, naamini, kuliwanyima wakulima sauti. Sheria ya 1982 iliurudisha, na miaka ya 1990 KNCU ikaanza kuwauzia wanunuzi wa biashara ya haki.