Mpiganaji wa Nyumba na Gari la Kuazima



Katika ukurasa huu tumezoea kuandika juu ya nasaba, majahazi, hati za zamani na nyumba za Mji Mkongwe. Leo naomba radhi ya wazee wenzangu niandike juu ya jambo ambalo huenda wakalidhani la kitoto: michezo ya vidio ya zamani, ile ya mapigano na ile ya mbio za magari, ambayo makampuni siku hizi huikusanya na kuiuza upya ndani ya diski moja, mfano wa diwani ya mashairi. Michezo hiyo imo katika taarikhi ya kuhama kwetu, tupende tusipende. Na namna inavyohifadhiwa, na namna inavyopotea, inafanana mno na yale yanayozipata aila zilizotawanyika.

Tuanze na asili yake. Mwaka 1986 kampuni ya Sega ya Japani ilitoa OutRun, kazi ya mbunifu Yu Suzuki, ambamo gari jekundu lilikimbia kando ya bahari, dereva akiwa na bibie pembeni yake. Mwaka 1987 Capcom, nao wa Japani, wakatoa Street Fighter, na mwaka 1991 wakaufuatisha na Street Fighter II, uliowafanya vijana wa dunia nzima wapange foleni mbele ya makabati makubwa ya kutumbukiza sarafu. Huko mchezaji alisimama bega kwa bega na mpinzani wake, akishindwa akimpisha mwingine.

Jamaa zetu wa Ghuba waliingia kwa mlango mwingine. Wengi walifika Oman baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika madaraka na kuwaita nyumbani Waomani waliokuwa ng'ambo. Katika miaka ya 1980, kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait, iliyoasisiwa na Mohammed Al-Sharekh mwaka 1982, ilitoa kompyuta zilizoitwa Sakhr, zenye mfumo wa MSX uliotumika Japani, lakini zikiandika na kusoma Kiarabu. Mzazi aliinunua Sakhr ili mwana asome. Mwana naye alichomeka kaseti ya Konami, akapigana ngumi katika Yie Ar Kung-Fu au akaendesha gari katika Road Fighter, na baba alipoingia chumbani skrini ikageuka ghafla kuwa ya masomo. Katika nyumba nyingi za Waarabu kila mashine ya mchezo, iwe ya nani, iliitwa Atari tu.

Sisi tulioangukia Lanham, katika wilaya ya Prince George's, maili kumi hivi kutoka katikati ya Washington, tuliikuta michezo hiyo imekwishaingia sebuleni. Katika miaka ya 1990 watoto wa ndugu zangu walikuwa wakija likizo ya kiangazi kutoka Maskati. Wanangu walizungumza Kiingereza. Hao wenzao walizungumza Kiarabu, na Kiswahili cha nyumbani. Siku ya kwanza walikaa wakitazamana kama watu waliokutana matangani. Siku ya pili waligawana pedi mbili za Street Fighter II, na kabla ya adhuhuri nyumba ilikuwa haikaliki kwa kelele. Maneno ya kwanza ya Kiswahili ambayo mwanangu mkubwa aliyatamka kwa hiari yake, pasi na kulazimishwa na mama yake, hayakutoka katika kitabu nilichokuwa nimemnunulia. Yalikuwa "zamu yangu", "nipishe" na "umenionea".

Lakini haikuwa furaha tupu. Tarehe 9 Disemba 1993, katika Baraza la Seneti hapa Washington, maseneta Joseph Lieberman na Herb Kohl waliendesha kikao cha kuwahoji wakuu wa biashara ya michezo ya vidio, hasa kwa sababu ya Mortal Kombat, mchezo wa mwaka 1992 uliojaa damu. Wazazi wengi wa jamii yetu, ambao kwa kawaida hawakuwa na neno na maseneta, safari hiyo waliwaunga mkono. Mwaka uliofuata, 1994, makampuni yaliunda bodi ya kupanga michezo kwa umri wa mchezaji, na alama zake zingalipo juu ya maboksi hadi leo.

Watoto hao sasa ni watu wazima wenye mvi za mwanzo. Mwaka 2018, Capcom walipotoa Street Fighter 30th Anniversary Collection, mwanangu aliinunua, akamwita binamu yake wa Maskati kwa njia ya intaneti, wakapigana tena wakiwa mabara mawili mbali. Mkusanyo huo una michezo 12, kuanzia ule wa 1987 hadi ule wa tatu uliokamilishwa mwaka 1999, yote kama ilivyokuwa katika makabati ya sarafu. Ndani yake mmewekwa pia michoro ya awali ya wabunifu na orodha ya matukio mwaka kwa mwaka. Mimi niliyemaliza umri wangu wa kazi nikipanga majalada, niliitazama sehemu hiyo kwa heshima: ni kazi ya karani anayejua kazi yake.

Humo ndimo nilimokutana na Elena. Huyu ni mpiganaji aliyeingizwa mwaka 1997 katika Street Fighter III, naye ni binti wa Kenya, mrefu, mwenye nywele nyeupe, anayepigana kwa miguu tu. Sanaa aliyopewa ni capoeira, iliyoasisiwa na Waafrika waliopelekwa utumwani Brazil. Laiti wabunifu wangelifika Lamu wangelionyeshwa kirumbizi, ngoma ya fimbo ya watu wa pwani, na huenda binti yetu angelishika silaha nyingine. Hata hivyo yumo. Kila Capcom wanapoikusanya upya michezo yao, Elena huweza kurudi, kwa sababu jina lake, sura yake na muziki wake ni mali ya nyumba moja. Hakuna wa kuombwa ruhusa.

Tuyageukie magari. Kenya imo humo pia. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na wazee wa Mombasa bado wanamkumbuka Joginder Singh, aliyeyashinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Mskochi Colin McRae naye aliyashinda mara tatu, mwaka 1997, 1999 na 2002. Mwaka 2000 kampuni ya Codemasters ya Uingereza ilitoa Colin McRae Rally 2.0, na miongoni mwa nchi ambazo mchezaji aliendesha humo ni Kenya. Kijana wa kwetu aliyezaliwa Maryland, ambaye hajawahi kukanyaga Afrika, aliweza kuona vumbi lile likiruka kwenye televisheni ya Lanham.

Lakini mchezo wa namna hiyo ni mgumu kuurudisha sokoni. Magari yake ni ya Ford, ya Subaru, ya Mitsubishi. Jina lake ni la mtu, ambaye alifariki mwaka 2007. Kila kilichomo kiliazimwa kwa leseni, na leseni ina mwisho wake. OutRun yenyewe ni ushahidi. Gari lake jekundu lilifuata umbo la Ferrari Testarossa. Toleo lililouzwa kwa njia ya intaneti kuanzia mwaka 2009 liliondolewa baada ya muda wa leseni ya Ferrari kwisha, na Sega walipoirudisha OutRun ya asili katika mfululizo wao wa Sega Ages, iliwabidi wabadilishe umbo la gari. Na The Crew, mchezo wa magari wa Ubisoft wa mwaka 2014, ulizimwa seva zake tarehe 31 Machi 2024. Hata aliyeununua kwa fedha yake hakuweza tena kuuwasha.

Hivyo mpiganaji, aliye wa nyumba moja, huhifadhiwa. Gari, lililo la kuazima kwa wengi, huachwa njiani. Si kwamba watu walilipenda kidogo. Wenye idhini ni wengi, na hakuna hata mmoja anayeona kuwa kazi ya kuhifadhi ni yake.

Mwezi Julai 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa utafiti ulioonyesha kuwa asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena madukani. Oktoba 2024, katika Maktaba ya Bunge hapa Washington, ombi la kuziruhusu maktaba kuwaonyesha watafiti michezo hiyo kwa mbali, bila ya kuwalazimisha kusafiri, lilikataliwa. Mtafiti afunge safari hadi ilipo nakala.

Jamaa zangu, maneno hayo ya "afunge safari hadi ilipo nakala" si tunayajua sisi? Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za jamaa zetu zilitaifishwa, na watu wakatoka na walichoweza kubeba mkononi. Yaliyoandikwa serikalini yamebaki: anayetafuta hati huenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, akazisoma. Hayo yana mwenyewe. Yasiyo na mwenyewe ni yale ya baadaye: kaseti za sauti ambazo wazee wetu walirekodi badala ya kuandika barua, wakazituma kwa mkono wa msafiri kati ya Unguja, Mombasa, Dubai na Maskati. Mna humo salamu, habari za harusi na misiba, ugomvi wa mashamba, na sauti za watu ambao wajukuu wao hawajapata kuzisikia.

Katika aila yetu kaseti hizo zimegawanyika. Nyingine ziko kwa ami yetu Maskati, nyingine kwa shangazi Mombasa, nami ninazo tisa hapa Lanham. Kila mmoja anaogopa kuzinakili kwa kuwa ndani yake yamo maneno ya aibu ya tawi jingine, na kila tawi linangoja idhini ya jingine. Kila mtu ni mmiliki, hakuna mtunzaji. Wakati huohuo utepe wa kaseti hausubiri makubaliano: unachakaa ndani ya boksi, iwe mmepatana au hamkupatana.

Kwa hiyo naleta ombi, na naliandika hadharani ili lisisahaulike. Kila tawi litoe idhini ya maandishi, mistari miwili tu, kwamba kaseti zake zinakiliwe kwenye kompyuta. Mwenye neno la siri alitaje, na sehemu hiyo ifungwe kwa miaka mtakayoafikiana, lakini isifutwe. Nakala ziwe tatu, katika nchi tatu, na kila moja iwe na orodha: nani anasema, kwa nani, kutoka wapi, mwaka gani. Asiyejua mwaka aandike jina la aliyefariki au aliyeolewa katika kaseti hiyo; tutaupata mwaka kwa njia hiyo.

Mwanangu na binamu yake wamekubali kuifanya kazi ya mashine, wakipeana zamu kama walivyozoea. Tisa zangu wataanza nazo mwezi huu. Ami na shangazi, tunangojea mistari yenu miwili.