Nyumba za Walowezi Kati ya Kiu na Fort Ternan: Thamani Yake katika Urithi wa Taifa na wa Lugha

Stesheni ya Fort Ternan, iliyoko ukingoni mwa nchi ya chai ya Kericho kwenye njia ya reli iteremkayo kwenda Kisumu, haitajwi sana katika historia ya Kenya. Jina lake ni la Trevor Ternan, askari wa Kiingereza aliyekaimu ukamishna wa Uganda mwishoni mwa karne ya 19, wakati sehemu hiyo yote ilipohesabiwa kuwa Uganda. Ilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902 tu, baada ya reli kufika ziwani Desemba 1901. Hata hivyo kuna jambo moja linaloipa stesheni hiyo uzito kupita ukubwa wake. Katika utawala wa Sir Charles Eliot (1900–1904) serikali ilianza kuwanyima Wahindi ardhi ya kilimo katika nyanda za juu, na nyanda hizo hazikuelezwa kwa mito wala milima, bali kwa stesheni mbili za reli: kutoka Kiu, kusini-mashariki mwa Nairobi, hadi Fort Ternan. Lord Elgin, Waziri wa Makoloni, aliithibitisha sera hiyo mwaka 1908. Wenyeji wa nchi, Wakipsigis, Wanandi, Wamaasai, Wakikuyu na wengineo, hawakutajwa hata kwa kukatazwa; wao walipangiwa hifadhi zao nje ya mpaka na kazi zao ndani yake.

Kati ya stesheni hizo mbili ndimo ilimozaliwa nyumba ambayo makala haya yanaizungumzia. Ni nyumba isiyo na ghorofa, yenye kuta za mawe, paa la vigae au la mabati, vyumba vikubwa vilivyopangwa kwa ulalo, na veranda ndefu mbele yake. Watu waliiita bangalo. Neno hili lilitoka Bara Hindi, ambako maana yake ya asili ni kitu cha Kibengali. Likapita katika Kiingereza kabla ya kupanda meli kuja Afrika Mashariki. Veranda nayo ni neno la njia hiyo hiyo ya Bahari ya Hindi, na Wareno wana sehemu yao ndani yake. Kwa hiyo hata kabla ya kuingia mlangoni, msomi wa lugha anakuta kwamba nyumba inayodaiwa kuwa ya Kiingereza imejengwa kwa maneno ya Asia. Jambo hili si dogo, kwa kuwa waliokatazwa kumiliki ardhi hiyo ni watu wa Asia.

Je, nyumba ya namna hii ina thamani gani katika urithi wa taifa huru? Jibu ambalo Kenya imekwisha kulitoa kwa vitendo limo katika nyumba moja ya kitongoji cha Karen, chini ya vilima vya Ngong. Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1912 na Msweden Åke Sjögren. Karen Blixen, mwandishi wa Kidenmark aliyefunga ndoa Mombasa Januari 1914 na Bror Blixen, aliingia humo mwaka 1917, akakaa mpaka shamba la kahawa lilipofilisika mwaka 1931. Shamba likauzwa, likakatwakatwa kuwa viwanja vya makazi, na ndivyo nyumba ya shamba ilivyogeuka kuwa nyumba ya kitongoji bila kusogea hata hatua moja. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliinunua ikaitoa kwa Kenya iwe zawadi ya uhuru, na eneo hilo likatumiwa na chuo cha mafunzo ya lishe. Sinema ya Sydney Pollack iliyotokana na kitabu cha mwandishi huyo ilitoka mwaka 1985. Mwaka uliofuata nyumba ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Mfuatano wa miaka hii unaeleza mengi. Kwa zaidi ya miaka 20 nyumba ilikuwa mali ya umma bila kuwa urithi. Ilifaa kwa mafunzo ya lishe, na hiyo ilikuwa kazi ya heshima katika nchi changa. Kilichoigeuza kuwa urithi ni sifa ya mwenyewe, tena sifa iliyothibitishwa ng'ambo. Hapana ubaya katika hilo, na fedha za wageni zimesaidia kulinda paa lisivuje. Lakini hoja hiyo ni dhaifu kwa sababu haifundishi lolote kuhusu nyumba nyingine. Nyumba ya Blixen haikuwa ya pekee kwa ujenzi. Kuna nyingi za aina yake zilizojengwa Nairobi na katika mashamba yote hadi Fort Ternan. Ikiwa thamani ni ya mwandishi, hizo nyingine si kitu, na anayetaka kuzibomoa asizuiwe.

Kuna hoja nyingine iliyo imara zaidi, nayo yahitaji mtu atoke sebuleni aende nyuma. Jiko la nyumba ya Karen limo katika jengo lake peke yake, mbali na vyumba vya kulala, na leo mgeni huonyeshwa jiko la chuma la Dover kama lile lililotumika humo. Hilo lilikuwa desturi ya nyumba hizi zote. Moshi, joto na hatari ya moto ndizo sababu zilizotolewa, na kwa kiasi zilikuwa za kweli. Lakini umbali huo ulipima pia jambo jingine. Mbele ya nyumba kulikuwa na veranda, mahali pa bwana kupokea wageni, kulipa mishahara na kusikiliza mashauri. Nyuma kulikuwa na jiko, na nyuma ya jiko vyumba vya watumishi. Kati ya ncha hizo mbili palikuwa na njia fupi iliyopitwa mara nyingi kila siku, na lugha iliyopita katika njia hiyo haikuwa Kiingereza wala Kidenmark, wala Kikuyu au Kipsigis. Ilikuwa Kiswahili.

Kiswahili cha namna gani? Wataalamu wamekipa jina la Kisetla, na Anthony Vitale alikichambua mwaka 1980. Sifa zake zafahamika. Upatanisho wa ngeli huanguka, na *iko* hutumika kwa kila kitu kilichopo, kiwe chai, kiwe farasi. *Hapana* huchukua mahali pa kiambishi cha kukanusha, mtu akasema *mimi hapana taka*. Kitenzi-jina huwa amri: badala ya *njoo*, husemwa *kuja*. Yote haya yamekwisha kuandikwa. Jambo ambalo halijatiliwa mkazo wa kutosha ni kwamba kanuni hizi zilikuwa na makazi. Lugha ya amri inayosemwa kutoka verandani haihitaji ngeli, kwa sababu msemaji hatazamii kujibiwa kwa sentensi. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili cha bara, na katika jina lake aliwataja wasomaji aliowakusudia: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanya biashara, na wake zao. Kuwataja wake ndiko kunakoonyesha mahali ambapo somo lilitarajiwa kutumika. Ni nyumbani.

Yafaa kukumbuka kwamba miaka hiyo hiyo ndiyo Kiswahili kilipokuwa kikisanifishwa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930, mwaka mmoja kabla Blixen hajaondoka. Viongozi walikaa mezani wakiamua tahajia za vitabu vya shule, na wakati huo huo, katika nyumba za walowezi, serikali iyo hiyo iliyolipia usanifishaji ililea lugha ya pili iliyovunja kila kanuni ya ile ya kwanza. Historia ya Kiswahili nchini Kenya haiwezi kuandikwa kwa kumbukumbu za Kamati peke yake. Dharau waliyokuwa nayo watu wengi wa bara kwa Kiswahili mpaka baada ya uhuru, wakikiona ni lugha ya kutumwa, haikutoka katika vitabu vya shule.

Neno *toto* latosha kuwa mfano. Katika Kiswahili cha pwani *mtoto* ana kiambishi chake cha ngeli ya watu, na ukimwondolea kiambishi hicho unamkuza au unamdunisha: *toto* ni mtoto mkubwa kupita kiasi, au asiyependeza. Mlowezi alimwondolea bila kujua, kisha akalichukua neno katika Kiingereza chake, akamwita kijana msaidizi wa mpishi *toto* wa jikoni. Jina hilo lilizoeleka kiasi kwamba sinema iliyotengenezwa mwaka 1987 kuhusu kijana wa Kikuyu katika nyumba ya Mzungu ilipewa jina la The Kitchen Toto. Kijana huyo aliingia jikoni akiwa katika ngeli ya watu, akatoka humo akiwa katika ngeli ya vitu vikubwa, na mlango alioingilia bado upo Karen kwa anayetaka kuutazama. Hata jina la nyumba yenyewe, Mbogani, lina kisa chake. Wageni huelezwa kwamba maana yake ni nyumba ya msituni. Sikio la Mswahili husikia *mboga* na kiambishi cha mahali, na msitu halioni humo.

Katika nchi ya chai mpangilio huu ulikua ukawa mji mzima. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali iliwapa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani ekari 25,000 karibu na Kericho ili walime kitani. Kitani kilishindwa, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zimeingia na miche ya chai. Meneja alijengewa bangalo lenye veranda na bustani. Wafanyakazi walijengewa vyumba vya safu moja, vilivyoitwa *laini*, na neno hilo likawa la Kiswahili cha Kericho kama lilivyo *chai* lenyewe. Uhusiano wa veranda na jiko ukawa uhusiano wa bangalo na laini, na Kiswahili cha amri kikapata manyapara wa kukisambaza. Wakati huo Wakipsigis walikuwa wamekwisha kuondolewa katika ardhi hiyo, na mwaka 1934 sheria maalumu ilitungwa ili ukoo wa Talai uhamishiwe Gwassi, mbali kando ya ziwa. Malalamiko hayo hayajafungwa. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao hadharani, na mwaka 2022 shauri likapelekwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Wako wanaosema kwamba, kwa sababu hiyo hasa, nyumba hizi ziachwe zianguke. Kwamba kuzitunza ni kumtukuza aliyezijenga. Hoja hii ina uchungu wa kweli ndani yake na haifai kudharauliwa. Lakini anayedai ardhi ahitaji ushahidi, na nyumba ni ushahidi usiokaa katika jalada la mwingine. Upana wa veranda, ufinyu wa chumba cha laini, na umbali kati yake vyaweza kupimwa kwa futi na mtu yeyote, bila kuomba ruhusa ya kusoma nyaraka London. Nyumba ikibomolewa, anayenufaika zaidi ni yule ambaye angependa isisemwe.

Sheria ya nchi haizuii. Katika Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, vitu vya kale vinavyohamishika hupimwa kwa mwaka 1895, mwaka wa himaya. Lakini jengo laweza kutangazwa kuwa kumbukumbu likiwa la umri wowote. Ugumu umo katika mazoea ya kuchagua. Hapo hapo Fort Ternan, mwaka 1961, Louis Leakey na wenzake walipata katika shamba la mlowezi Fred Wicker mabaki ya sokwe wa kale wa miaka milioni 14 hivi, aliyepewa jina la Kenyapithecus wickeri. Mahali hapo panatambuliwa kuwa urithi, kama inavyostahili. Mfupa umehifadhiwa, na mwenye shamba amehifadhiwa ndani ya jina la mfupa. Waliopika, waliochota maji na waliopanda miti ya bustani katika mashamba ya sehemu hiyo hawana jina wala kibao.

Kwamba sauti ya upande wa jiko yaweza kupatikana, Karen yenyewe imeonyesha. Kamante Gatura aliingia katika nyumba ile akiwa mtoto mwenye vidonda vya miguu, akatibiwa katika hospitali ya Misheni ya Kiskoti, akawa mpishi mashuhuri. Simulizi zake zilichapishwa mwaka 1975 katika kitabu kilichotayarishwa na Peter Beard, zaidi ya miaka 40 baada ya bibi yake kuondoka nchini. Waliofanya kazi katika bangalo za Kericho na Fort Ternan miaka ya 1950 wamepita umri wa miaka 80 sasa. Majina waliyoviita vyumba, amri walizopewa na jinsi walivyozigeuza kwa mzaha walipofika laini jioni, hayamo katika kamusi yoyote, na mwanafunzi mmoja mwenye kinasa sauti angeweza kuyakusanya katika likizo moja.