Deni la Mtani: Kumbukumbu na Kinyongo cha Simba na Yanga katika Kibiti na Delta ya Rufiji

Kila Simba au Yanga inapofika hatua za juu za mashindano ya klabu barani Afrika, viongozi wa serikali na wa soka hurudia wito mmoja, kwamba mashabiki waweke utani kando na kuishangilia timu inayoliwakilisha taifa. Mwaka 2023, Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, wito huo uliambatana na fedha, kwani Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa ameahidi shilingi milioni 5 kwa kila bao ambalo timu hizo zingefunga katika michuano hiyo. Nyuma ya wito huo imo nadharia isiyojadiliwa: kwamba kinyongo cha shabiki, yaani uchungu wa kushindwa unaotunzwa kwa miaka baada ya mchezo kwisha, ni upungufu wa uzalendo unaoweza kuondolewa kwa mawaidha au kwa motisha. Makala haya yanaipinga nadharia hiyo. Yanadai kwamba kinyongo baina ya Simba na Yanga ni deni linalotambuliwa na pande zote mbili, kwamba mtunza hesabu yake ni mtani na si aliyeumia peke yake, na kwamba jambo hilo huonekana vizuri zaidi mbali na uwanja, katika Wilaya ya Kibiti na visiwa vya delta ya Rufiji.

Uchaguzi wa eneo hilo unahitaji maelezo, kwa sababu maandishi mengi yameuchukulia upinzani huu kuwa mali ya Dar es Salaam. Kuhusu chimbuko hakuna mabishano makubwa. Yanga iliundwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa timu iliyopitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Tadasu Tsuruta, katika kitabu cha historia ya Dar es Salaam kilichohaririwa na James Brennan, Andrew Burton na Yusuf Lawi mwaka 2007, ameonyesha jinsi upinzani huo ulivyokua pamoja na mji wenyewe, na Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, alikwisha kuonyesha kwamba miji ya Pwani ilizoea kugawanyika mafungu mawili, Marini na Arinoti, kabla mpira haujawa mchezo wa watu wengi. Kinachobishaniwa ni hatua inayofuata, ambapo msomaji huachwa aamini kwamba shabiki wa shamba ni mwigaji tu wa shabiki wa Kariakoo. Dai hilo halisimami. Uchunguzi wa J.A.K. Leslie kuhusu Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 1963, uliwataja Warufiji miongoni mwa makundi makubwa ya wakazi wa mji huo. Kwa hiyo watu wa bonde la Rufiji na wa delta yake hawakuletewa upinzani huu ukiwa umekwisha kupikwa, bali walikuwamo jikoni, na waliporudi kwao walirudi nao.

Hata hivyo, kurudi huko kuliwaweka mbali na uwanja. Mji wa Kibiti hauzidi kilomita 150 kutoka Dar es Salaam, lakini anayekwenda Salale, Kiongoroni au Msala hana budi kuacha barabara, kuingia mashua na kufuata kujaa na kupwa kwa maji katikati ya msitu wa mikoko unaotajwa kuwa mkubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, mtu wa huko aliyejiita wa Yanga au wa Simba aliweza kuishi maisha yake yote ya ushabiki bila kuiona timu yake ikicheza. Hapo ndipo penye fumbo: kumbukumbu ya mashabiki hao ni kali, ina tarehe na hesabu, na haikupitia machoni mwao.

Saikolojia ya michezo haina jibu la fumbo hilo, ingawa imezoea kujibu kwa kujiamini. Albert Hastorf na Hadley Cantril walichapisha mwaka 1954 utafiti kuhusu mechi ya kandanda ya Kimarekani kati ya vyuo vya Dartmouth na Princeton iliyochezwa mwaka 1951, wakahitimisha kwamba wanafunzi wa kila chuo waliona mchezo wao tofauti, na makosa waliyoyahesabu yalifuata upande waliokuwa. Carolyn Breslin na Martin Safer, mwaka 2011, waliwauliza mashabiki 1,563 wa Yankees na Red Sox, timu za besiboli za Marekani, kuhusu mechi mbili za kuamua ubingwa, za mwaka 2003 na 2004, wakakuta kwamba kila upande ulikumbuka kwa usahihi zaidi mechi uliyoshinda, kana kwamba aliyeshindwa hukwepa kuurudia uchungu wake akilini na kwa hiyo husahau. Tafiti zote mbili zina heshima yake, lakini zimejengwa juu ya dhana moja, kwamba kumbukumbu ya shabiki ni mali iliyomo kichwani mwake, ambayo anaweza kuitembelea au kuiacha apendavyo.

Dhana hiyo inayumba hata huko ilikotoka. Katika mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, mashabiki wa Kentucky hawajasahau bao ambalo Christian Laettner wa Duke aliwafunga katika sekunde ya mwisho tarehe 28 Machi 1992, mchezo ulioisha kwa pointi 104 kwa 103. Miaka 23 baadaye, mwaka 2015, filamu nzima ilitengenezwa kuhusu chuki dhidi ya mchezaji huyo. Walioshindwa ndio waliolitunza bao lile kwa uangalifu mkubwa. Mwanasosholojia Maurice Halbwachs alieleza tangu mwaka 1925 kwamba mtu hukumbuka akiwa ndani ya kundi, na kwamba kundi ndilo linalompa vishikizo vya kumbukumbu zake. Kinachokosekana kwa Halbwachs, na ambacho Kibiti inakitoa waziwazi, ni kwamba kundi linalomkumbusha mtu linaweza kuwa la mpinzani wake.

Ushahidi mkuu ni mchezo wa tarehe 19 Julai 1977, Simba ilipoifunga Yanga mabao 6-0 na Abdallah Kibadeni akafunga matatu kati ya hayo. Uzito wa tukio hilo kwa hoja hii unatokana na mazingira ya kupokelewa kwake. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mwaka 1977, wala haikuipata hadi mwaka 1994. Nje ya waliokuwa uwanjani, taifa liliupokea mchezo huo kwa sauti ya Redio Tanzania Dar es Salaam, na vijiji vya delta viliupokea kwa redio chache zilizozungukwa na watu wengi. Hakuna picha za mabao sita ambazo shabiki wa leo huzirudia kwenye simu yake. Kilichobaki ni namba, majina na sauti. Hata hivyo kijana aliyezaliwa Bungu, wilayani Kibiti, miaka 20 baada ya mchezo huo anaijua namba sita, anajua ni ya nani na ni juu ya nani, na kama ni wa Yanga anaijua kwa uchungu. Hakuipata kwa macho, na mara nyingi hakuipata kwa baba aliyeshindwa, ambaye angependa iishie hapo. Aliipata kwa mtani: jirani, shemeji, nahodha wa mashua, mwenzake wa kijiweni, yaani mahali pa kukaa na kuzungumza, ambaye kila ubishi ulipokolea aliitoa namba hiyo kama mdai anayetoa hati.

Neno deni linafaa hapa kwa sababu namba hizo hazikai peke yake. Bao sita za mwaka 1977 zilikuja miaka tisa baada ya tarehe 1 Juni 1968, Yanga ilipoifunga Sunderland 5-0, na kwa upande wa Simba zilikuwa malipo yenye ziada. Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga 5-0, na tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikaifunga Simba 5-1, ushindi uliofuatwa siku mbili baadaye na kuondoka kwa kocha wa Simba, Roberto Oliveira, maarufu Robertinho. Kwa hesabu ya vijiweni, matokeo ya 2023 yamelipa ya 2012, tena kwa upungufu wa bao moja, wala hayajagusa ya 1977. Shabiki wa Yanga huuonyesha mkono wenye vidole vitano, na wa Simba humjibu kwa kuongeza kidole cha sita. Katika mabishano hayo hakuna anayekana namba ya mwenzake. Aliyefungwa sita hasemi zilikuwa nne, kwani kufanya hivyo kungemtoa katika mazungumzo kama mtu asiyeaminika, na pia kungeidhoofisha namba tano anayoitegemea yeye mwenyewe. Hata sare huingizwa katika daftari. Tarehe 20 Oktoba 2013 Yanga iliongoza 3-0 hadi mapumziko na Simba, ikiongozwa na kocha Kibadeni yuleyule, ikarudisha yote. Matokeo ni pointi moja kwa kila timu, lakini katika kumbukumbu ni ushindi wa upande mmoja, na upande wa pili hauna hoja ya kutosha ya kuupinga.

Wanaosema utani wa jadi huyeyusha uhasama huegemea kwa mwanaanthropolojia A.R. Radcliffe-Brown, aliyeandika mwaka 1940 kuhusu mahusiano ya utani kuwa ni ruhusa ya kudharauliana bila kukasirika. Wengi wa wafuasi wake wameifupisha hoja hiyo hadi ikawa picha ya tundu la kutolea mvuke, na katika kufupisha wameacha kile ambacho R.E. Moreau alikikuta Tanganyika katika miaka hiyohiyo ya 1940, kwamba watu walipoulizwa kwa nini makabila yao ni watani, mara nyingi walijibu kwa kutaja vita vya zamani, hasa vile vya Wangoni. Mtani basi ni adui wa zamani ambaye amani naye ilifungwa kwa sharti kwamba vita vile viendelee kutajwa. Mtani anayeingia msibani na kuzuia mazishi hadi alipwe anadai haki iliyotokana na historia ambayo wafiwa wangeisahau kama asingefika. Utani wa aina hiyo hauuyeyushi uhasama. Unautunza katika hali inayoweza kuishi ndani ya nyumba. Jambo hili lina maana ya pekee katika delta, ambako nyumba moja ina wa Simba na wa Yanga, mashua moja huwabeba wote, na hakuna Msimbazi ya Simba wala Jangwani ya Yanga, yaliko makao ya klabu hizo, ya kukimbilia baada ya kufungwa.

Hastorf na Cantril wanastahili kusikilizwa katika jambo moja. Yapo matukio ambayo pande mbili huyakumbuka kwa historia mbili zisizokutana, nayo ni yale yaliyoamuliwa nje ya uwanja. Tarehe 8 Mei 2021 mchezo wa Simba na Yanga uliahirishwa baada ya muda wa kuanza kusogezwa na Yanga kukataa kucheza katika muda mpya. Tarehe 8 Machi 2025 ulikwama tena, Simba ikitangaza kutocheza kwa madai ya kuzuiwa kufanya mazoezi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku uliotangulia, na ukachezwa hatimaye tarehe 25 Juni, Yanga ikishinda 2-0. Mabao ya tarehe 25 Juni yameingia katika daftari la pamoja bila ubishi. Yaliyotokea Machi hayajaingia, na huenda yasiingie kamwe, kwa kuwa kila upande una sababu zake na hakuna namba ya kuulazimisha mwingine. Kinyongo cha uwanjani hulipika. Kinyongo cha ofisini hubaki tuhuma. Kama kuna uhasama unaopaswa kuitia serikali na wasimamizi wa ligi wasiwasi, ni huu wa pili, nao hautokani na mashabiki.

Inaweza kudaiwa kwamba hoja hii imepitwa na wakati, kwa kuwa vibanda umiza, yaani mabanda ya kulipia ili kutazama mechi, pamoja na simu, vimeifikisha picha hadi Nyamisati, huko delta. Picha imefika, lakini kazi ya mtani haijapungua. Imeongezewa chombo, na majina ya kejeli kama Makolo kwa Simba na Utopolo kwa Yanga husafiri sasa kwa kasi ambayo Mikia, jina la zamani la kuikejeli Simba, halikuwa nayo. Inaweza pia kudaiwa kwamba matusi na ugomvi hutokea. Hutokea, na sheria inawahusu wanaopigana, lakini kosa la anayevunja masharti ya utani si sababu ya kuulaumu utani.

Kinachofuata kwa watunga sera ni kwamba kumtaka shabiki wa Simba wa Kibiti aishangilie Yanga dhidi ya mgeni ni kumtaka asamehe deni ambalo mdaiwa mwenyewe hajaomba lisamehewe. Uzalendo wake upo kwenye timu ya taifa, Taifa Stars, ambako hakuna anayemdai mwenziwe. Na kwa watafiti, kuna jambo lisilongoja. Msikilizaji aliyekuwa na miaka 15 siku ile ya Juni 1968 alizaliwa mwaka 1953. Vyuo vikuu na Shirika la Utangazaji Tanzania, lililorithi kazi ya Redio Tanzania, viende Mbwera, Salale na Msala kurekodi wazee hao wa pande zote mbili, wakiwa wamekaa pamoja na watani wao, kwa kuwa mmoja mmoja hawatasema yote.